Nani Alishika Kichwa cha Ng'ombe?

Nina miaka arobaini na saba. Ni mjane, mzaliwa wa Swima kando ya ziwa, niliolewa kijijini Lubondja, na leo ninakaa mjini Baraka katika chumba kimoja cha kupanga. Kilichonitoa kwangu si vita wala njaa. Ni kikohozi... kikohozi cha ng'ombe! Cheka kama unataka kucheka, ndugu msomaji, lakini soma mpaka mwisho, kisha uniambie kama bado una hamu ya kucheka.

Marehemu bwana yangu aliniachia mtoto mmoja wa kiume, Etabo, na zizi dogo la ng'ombe. Mimi ni mtoto wa ziwa, nilikua nikianika ndagala, wale samaki wadogo. Ng'ombe nilianza kuwaona kwa karibu nilipoolewa, na mwanzoni niliwaogopa, nikawa napitia nyuma ya nyumba ili nisikutane nao. Lakini mtu akifiwa anajifunza. Nilijifunza kukamua, nilijifunza kutoa kupe, nikawajua kila mmoja kwa tabia yake, na yupi mkorofi kuliko wote.

Aliyenishika mkono katika ujane wangu ni shemeji yangu Wilondja, mdogo wake marehemu. Siwezi kusema uongo juu yake. Alinilimia, alinitengenezea paa, alimlipia Etabo shule alipokwama. Kulikuwa na mradi mmoja uliowahi kumfundisha kutibu mifugo, ukampa begi la dawa na sindano, na tangu hapo Lubondja nzima ikawa inamwita Dokta. Alikuwa anatembea amelibeba lile begi hata akienda kanisani!

Halafu akanunua dume kutoka juu milimani, Minembwe. Dume jekundu, shingo nene, kifua kama mlango. Akamwita Komanda. Jamani, lile dume lilikuwa fahari ya ukoo! Kila mwenye jike alimpeleka kwa Komanda, na mimi, kwa vile ni shemeji, Komanda aliletwa mpaka kwangu, akalala zizini mwangu pamoja na majike yangu.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa linatunyima usingizi sisi wote. Etabo wangu alikuwa amempenda msichana mmoja, Esperansi. Baba yake, Mzee Nestori, ni mkimbizi kutoka Burundi, ila amekaa miaka mingi kwenye kilima cha juu ya Swima, analima na kufuga, na watu wa pale wanamheshimu. Vijana hawa wawili walikutana katika kwaya. Kwaya ikazaa mimba... Ndiyo, Esperansi alikuwa na mimba ya mwanangu!

Mzee Nestori alikasirika, lakini hakufukuza mtu. Alituita, akatukalisha, akatupa maji ya kunywa, kisha akasema neno moja tu: tulete ng'ombe wa mahari, waingie zizini kwake kabla ya mtoto kuzaliwa, ndipo tumchukue binti. Mtoto akizaliwa kabla, atakuwa wa ukoo wake, na Esperansi hatatoka. Nilikubali kwa mikono miwili. Nilikuwa namtaka yule msichana kuliko Etabo mwenyewe! Mara ya kwanza tu nilipofika kwao alinivua viatu, akaniosha miguu, akaniita mama. Mimi sikubahatika kupata binti. Mnanielewa?

Tulikuwa tumekubaliana ng'ombe wanne. Na hapo ndipo kikohozi kilipoanza.

Komanda alikuwa amerudi kwa mwenyewe muda si mrefu. Asubuhi moja nikakuta jike langu kubwa linatoa machozi, pua nyekundu kama iliyopakwa pilipili. Kesho yake wakawa wawili. Kesho kutwa wote. Kukohoa, kamasi, joto, mdomo wazi wakitafuta hewa. Maziwa yakakauka. Na mmoja aliyekuwa na mimba akaitupa mbele ya macho yangu, ndama mzima mwenye kwato zake, amekufa... Nililia kama nimefiwa na mtu.

Wilondja akaja na begi lake, akawapiga wote sindano ya dawa ya tetra. Akasema ni baridi tu, itapita. Na kweli, baada ya wiki kadhaa walianza kula, pua zikakauka, akabaki mmoja tu anayekohoakohoa. Shemeji akafurahi, akasema mahari iko tayari, twende.

Mimi roho ilikataa. Siku ya soko nilishuka Baraka, nikaenda kumtafuta Daktari Bora, mama mmoja veterineri, yaani daktari wa mifugo, ambaye nilikuwa nimemsikia akizungumza na wafugaji nje ya kanisa. Nikamweleza yote. Hakunicheka. Aliniambia kikohozi cha ng'ombe kina vyanzo vingi. Kuna kinacholetwa na bakteria, na hicho tetra inaweza kukisaidia. Lakini kuna kinacholetwa na virusi, na kirusi hakiogopi tetra hata ukimwaga chupa nzima. Kwa macho, aliniambia, hata yeye hawezi kutofautisha. Lazima kuchukua kamasi kutoka ndani kabisa ya pua kwa kijiti kirefu cha pamba, kuchukua na damu, kuweka kwenye barafu, na kutuma labo ya Bukavu wakapime.

Akaniambia na neno lingine lililonitisha. Kuna kirusi kimoja cha namna hiyo, ng'ombe akishapona, chenyewe hakitoki. Kinajificha mwilini maisha yake yote. Siku ng'ombe akichoka, akisafirishwa mbali, kinaamka, kinatoka kwa pua, na yeye mwenyewe anaweza asionyeshe hata ugonjwa. Anaua wenzake akiwa amenenepa! Nikamuuliza, basi nifanye nini? Akasema usisogeze hata mmoja mpaka majibu yatoke.

Mvua ilikuwa imekata barabara, gari lake lisingefika Lubondja. Kwa vile Wilondja alikuwa amesomea kazi ile, Daktari alinipa vichupa, vijiti na kisanduku cha barafu, nimpelekee yeye afanye.

Nilipomkabidhi Wilondja kile kisanduku, uso wake ulibadilika. Niliona, lakini sikuelewa. Alianza kufoka: "Shemeji, unatupotezea wakati! Ngombe zimepona, we uko unatafuta nini tena?" Nikamwambia natafuta amani ya moyo wangu. Kama hataki, nitamwita mtu mwingine. Akakitazama kile kisanduku, akasema sawa, atafanya, ila siku hiyo niende Swima nikatafute ndagala za wageni wa harusi, maana zinapotea upesi. Nikaona ni wazo zuri. Nikaenda!

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Kisanduku kimefungwa, kila kichupa kina jina la ng'ombe wangu, Etabo akakipakia kwenye pikipiki akakipeleka Baraka kwa Daktari Bora. Nilimshukuru shemeji yangu, nikampikia ugali na samaki wa kwanza.

Majibu yalipokuja, Wilondja alikuja anakimbia: safi! Hakuna kirusi! Nilimpigia mwenyewe Daktari Bora kwa simu ili nisikie kwa masikio yangu. Akanithibitishia: kamasi safi, damu safi. Jamani, nilicheza! Nilicheza nje mbele ya majirani, mjane mzima, kitenge kinadondoka. Tumbo la Esperansi lilikuwa limeshakuwa kubwa. Sasa angekuja kwangu kabla ya kujifungua.

Ng'ombe walitembea siku mbili, kutoka Lubondja kushuka Baraka, kisha kando ya ziwa mpaka kile kilima. Walifika wamechoka, makalio yamelegea. Na Mzee Nestori akawapokea kama Warundi wanavyopokea ng'ombe wao wa heshima. Wao wana birika la udongo, wanalichimba chini na kulisiliba vizuri, wanatia maji na chumvi. Ng'ombe mgeni ndiye anayenywa wa kwanza. Wenyeji wanashikwa pembeni, wanangoja. Mgeni akimaliza, wenyeji wote wanakunywa maji yaleyale aliyoyaacha, pua kwa pua, hapo wanahesabiwa ndugu wa zizi moja.

Nilisimama nikaangalia. Mzee alikuwa anawaimbia polepole, anawapapasa migongo. Wanne wangu wakazamisha pua zao kwenye yale maji, wakanywa, wakapiga chafya, wakanywa tena. Kisha lile kundi lote la mzee likafuata, majike mengi yakiwa na mimba. Esperansi alinishika mkono, akaniambia sasa mimi ni mama yake kweli. Nilifuta machozi ya furaha. Mungu wangu, tulikuwa tunashangilia nini!

Mzee akasema binti ataondoka baada ya baraka za kanisa, Jumapili ya pili yake. Nikarudi Lubondja kusafisha nyumba.

Jumapili ile haikufika. Simu ililia nikiwa nasiliba ukuta. Ni Esperansi, analia. "Mama... ngombe za baba zinakohoa. Za kwetu, zote! Ile kubwa ya baba imetupa mimba leo asubuhi." Nikamuuliza na zile nne je? Akasema zile nne zinakula vizuri, hazina kitu. Nikakaa chini kwenye udongo mbichi.

Kila siku ilikuwa na simu yake. Mimba nyingine imetoka. Ndama amekufa. Leo jike lile la zamani, alilolivusha mzee kutoka Burundi likiwa bado ndama, limeanguka halijaamka. Watu wakaanza kusema, na mnawajua watu! Sokoni nikasikia kwamba sisi tumetia sumu kwenye chumvi. Wengine wakasema sisi Wabembe hatukutaka kutoa mahari kwa mkimbizi, kwa hiyo tumeleta kifo kwa mlango wa mbele. Huko nako vijana wa mzee, kaka zake Esperansi, wakatuma neno: Etabo akikanyaga kile kilima, asije akamlaumu mtu.

Etabo alikonda. Hakula, hakusema. Niliona ni uchungu wa mapenzi, nikamhurumia. Na Wilondja? Alizunguka kila kijiwe akisema Warundi wale wana ugonjwa wao wa zamani, ng'ombe wetu walikuwa na majibu ya labo, safi kabisa. Mimi pia nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti kubwa! Nilikuwa na ushahidi, au siyo?

Nikaenda kumpigia magoti Daktari Bora. Nikamwambia njoo na wewe mwenyewe, kwa mikono yako, upime zizi la Mzee Nestori, maana pale kuna msichana na mtoto tumboni, na vijana wameshika fimbo. Akaja.

Siku ile niliiona kazi ya kupima kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndugu zangu, si mchezo! Ng'ombe hataki kitu puani. Kaka wawili wa Esperansi walimshika kichwa, mmoja pembe, mwingine vidole ndani ya pua, na wa tatu amekamata mkia. Daktari akaingiza kile kijiti, kirefu hivi, kikazama karibu chote. Ng'ombe alilia, akawainua wale vijana wote wawili juu, akawabamiza kwenye ua! Mmoja alichubuka mkono mpaka ikatoka damu. Na huyo ni mmoja tu. Walirudia hivyo kwa kila ng'ombe, wagonjwa na wale wanne wangu walionenepa, mpaka wote wakaloa jasho.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kisanduku cha barafu. Nilisimama pale, na wazo likaniingia kichwani, likakataa kutoka. Siku ile hakuna aliyeniambia alimsaidia Wilondja; alifanyaje peke yake?

Daktari alirudi baadaye kuchukua damu mara ya pili, ili alinganishe na ile ya kwanza. Kisha tukangoja. Sikulala vizuri hata siku moja. Lile wazo nililiweka moyoni, na kadiri nilivyoliwaza, ndivyo nilivyoona mwanga. Kama Wilondja alidanganya, basi kosa ni la Wilondja! Si la Etabo. Si langu. Mzee Nestori ni mtu wa haki, akijua mwenye kosa atatusamehe sisi wengine, Esperansi atakuja kwangu. Niliomba Mungu anipe nafasi ya kusema.

Majibu yalipopatikana, Daktari aliita kikao kwa Mzee Nestori. Tulikaa uani. Upande mmoja wao, upande mwingine sisi, Wilondja akiwa na begi lake mapajani. Kaka zake Esperansi walisimama kwenye lango, fimbo mikononi. Etabo, ambaye mzee mwenyewe alimruhusu kuja, alikaa nyuma yangu. Esperansi alikuwa mlangoni mwa jiko, mkono juu ya tumbo, karibu kujifungua.

Daktari Bora akasema ni kirusi. Si sumu, si uchawi, si baridi. Ni kile kinachojificha. Kimekutwa kwenye pua za wagonjwa, na pia kwenye pua za wale wanne walionenepa, uchovu wa safari ulikiamsha. Akaendelea kwamba damu ya wale wanne inaonyesha waliugua kabla ya kuja hapa. Lakini damu ile aliyotumiwa kwanza, yenye majina yaleyale, haikuwa na alama hata moja ya kuwahi kuugua. Akamtazama Wilondja. Akasema kwa upole kwamba hawezi kuelewa inakuwaje ng'ombe aliyetupa mimba na kukohoa wiki kadhaa awe na damu ya ng'ombe asiyewahi kuugua.

Watu wote wakamgeukia Wilondja.

Wilondja hakubabaika. Akasema barafu iliyeyuka njiani. Akasema huko Bukavu labda walichanganya vichupa, mambo ya labo nani anayajua? Alisema vizuri, kwa sauti ya kidaktari, na nikaona Mzee Nestori anaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayeanza kukubali. Wazee wa upande wetu wakaanza kupumua. Ingeweza kuishia pale...

Ingeweza kuishia pale! Lakini mimi, mtoto wa ziwa, niliyezaliwa na mdomo huu, nilisimama. Nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Shemeji, siku ile we ulipima ngombe zangu, nani alishika kichwa?"

Akanitazama kama hakunielewa. Nikarudia. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu, mtu mmoja hawezi. Kaka hawa watatu wenye nguvu karibu washindwe. Sasa wewe na hicho kitambi chako uliwashikaje? Watu wengine wakaguna, mmoja akacheka. Nikajiona nimeshinda. Nikapaza: "Sema! Nani alishika kichwa?"

Wilondja aliinamisha uso. Alipouinua alikuwa ananitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitisha. Akasema, "Mama Etabo... mi nilikuwa ninakuchunga usiumie. Usiniulize."

"Nakuuliza!"

Na nyuma yangu, sauti ikasema: "Ni miye, mama."

Niligeuka. Etabo alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mwanangu! Mwanangu wa pekee! Akasema hapo, mbele ya watu wote, kwamba yeye na Wilondja hawakugusa ng'ombe wangu hata mmoja. Walikwenda kwa jirani mmoja wa mwisho wa kijiji, ambaye hakuwahi kumleta jike kwa Komanda, wakamshika ndama wake mmoja mzima. Ndama mmoja! Kamasi yote ni ya yule ndama, damu yote ni ya yule ndama, wakaigawa kwenye vichupa wakaandika majina ya ng'ombe wangu. Wilondja aliogopa kirusi kikionekana, watu watarudi nyuma hatua moja tu na kumkuta Komanda, dume lake, ambalo lilikuwa limeugua likiwa bado njiani kutoka Minembwe na yeye akaficha. Na Etabo...

Etabo aliogopa kungoja. Alisema tumbo la Esperansi lilikuwa linaonekana, watu walikuwa wanamcheka njiani kwenda kanisani, na kama ng'ombe wangezuiliwa, mtoto angezaliwa nje. Shemeji alimwambia ng'ombe wamepona, hakuna ubaya. "Nilifanya juu yake, kwa ajili yake, mama," akasema, akinyoosha mkono kuelekea jikoni. "Nilifanya juu ya Esperansi."

Wote tuligeuka kumtazama yule msichana. Hakulia. Alimtazama Etabo kama unavyomtazama mtu unayejaribu kukumbuka ulimwona wapi. Kisha akaingia ndani ya jiko, akavuta mlango.

Kaka zake wakamrukia Etabo. Mzee Nestori ndiye aliyewazuia, akasimama katikati na mwili wake wa kizee. Akatuambia twende. Na kesho, akasema, turudi kuchukua ng'ombe wetu, maana kwa desturi mahari ikirudi, ndoa imekufa, kila mtu yuko huru.

Hapo Daktari Bora akainua mkono. Nilimwona anatamani ardhi immeze. Akasema haiwezekani. Wale ng'ombe hawatakiwi kutoka pale. Wakitembea tena siku mbili, wataamsha kirusi tena, watakipanda kwenye kila zizi la njiani. Wabaki hapo maisha yao.

Mnaona adhabu hiyo? Mahari haikuweza kurudi! Binti hakuweza kuja, na hakuweza kuwa huru. Mzee alisimama katikati ya uwanja wake akitazama ng'ombe wanne wanono waliomuulia zizi, na hakuweza hata kuwafukuza. Aliuliza tu, "Sasa mi nifanye nini?"

Esperansi alijifungua mtoto wa kiume baada ya siku chache. Nilisikia kwa watu. Sikuitwa kumwosha mtoto.

Lubondja walinigeuka. Si Wilondja waliyemlaumu, ni mimi! Walisema nimeuvua ukoo nguo mbele ya wageni, kwamba mwanamke mwenye akili angekaa chini. Nikachukua sufuria zangu nikashuka Baraka. Wilondja, kabla Daktari hajafika kumpima Komanda, alimpandisha mlimani akamuuza. Sijui yuko zizi gani leo. Etabo alikwenda machimboni. Ananipigia simu kila Jumapili, na swali lake ni moja: Esperansi anasema nini? Namjibu, ngojea.

Miezi ikapita. Kisha juzijuzi Mzee Nestori akaamua kuwachinja wale wanne, maana Daktari alimwambia nyama yao haimdhuru mtu. Habari ilinifikia wiki moja kabla ya siku yenyewe. Akituita kula pamoja, ametusamehe, ni harusi. Asipotuita, ni mwisho. Siku ikafika. Nilivaa kitenge kipya tangu asubuhi, nikakaa kwenye kiti mbele ya mlango, simu mkononi. Hakuna aliyepiga.

Siku ya pili, mtu akabisha hodi. Ni Esperansi! Mtoto mgongoni, mkononi ameshika nyama iliyofungwa kwenye jani la ndizi. Nikamvutia kiti. Akakaa, akafungua kitambaa, akaniwekea mtoto mapajani. Ana masikio ya marehemu bwana yangu. Nililia mpaka nikamlowesha.

"Baba anasema we ule," akaniambia. "Ulisema kweli, na ilikuvunjia nyumba. Hii ni yako."

Nikamuuliza... mnajua nilichomuuliza. Nikamuuliza na Etabo je? Akamchukua mtoto polepole, akamfunga tena mgongoni.

"Mama, alisema alifanya juu yangu. Ile ngombe ya zamani ya baba, mi nilikunywa maziwa yake nikiwa mutoto. Hakuniuliza kama niko tayari kuitoa iwe malipo." Kisha akanishika mikono yote miwili. "Nitakuwa nakuletea mutoto. Etabo usimwambie nilikuja."

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo siri ninayoibeba kila Jumapili simu ikilia.

Ninakuomba, wewe unayefuga. Ng'ombe akikohoa, usitosheke na sindano ya shemeji, hata kama ana begi na watu wanamwita Dokta. Simama hapo wanapompima. Shika kichwa wewe mwenyewe! Usimpeleke mnyama safarini kabla majibu hayajatoka, hata kama harusi ni kesho. Ng'ombe mgeni akija, hata wa mahari, mtenge, mpe maji yake peke yake, heshima itangoja. Na ukiletewa dume zuri jekundu kutoka huko juu, kwa bei ndogo, na mwenye kuliuza ana haraka... mwambie lipimwe damu kwanza.

Na wewe kijana unayependa, mpenzi wako akiwa na tumbo na dunia inamcheka, tafadhali, subiri. Watu wangemcheka Esperansi mwezi mmoja, miwili, halafu wangechoka. Mwanangu hakutaka Esperansi achekwe. Sasa ana mtoto ambaye hajawahi kumwona, na mimi ndiye ninayemwambia angojee, huku najua hakuna anachongojea.